Kola Iliyogeuzwa Mara Mbili

Siku nilipopata habari kwamba nitaapishwa uwakili, nilipanda ngazi za nyumba yetu ya Mji Mkongwe kwa vishindo, mkono mmoja nimeshika simu, mkono wa pili nimelikusanya baibui nisije nikajikwaa nikavunjika shingo kabla ya kuwa wakili. Baba alikuwa kwenye kiti chake cha dirishani anakata kucha. Nilimsomea ujumbe wote, kuanzia salamu mpaka jina la ukumbi, kisha nikausoma tena kwa sauti kubwa zaidi, maana mimi nikifurahi hupiga kelele na nikikasirika hupiga kelele, majirani wamebaki kubahatisha. Nilitegemea atanikumbatia. Baba aliweka mkasi chini, akaenda chumbani kwake, nikasikia mlango wa kabati unalia.

"Njoo unimulikie," akaniita. "Taa ya humu haitoshi."

"Naam, baba. Nikumulikie nini?"

"Shati. Nataka kuona kama limeota ukoga."

Hapo ndipo nilipojua kwamba amefurahi kunipita mimi.

Shati lenyewe ni jeupe, la poplini, la mikono mirefu. Mama alimshonea kwa cherehani yake ya mkono, baba alipopandishwa cheo. Baba alikuwa karani wa mahakama. Aliwatolea mawakili majalada, aliwaita mashahidi, alijua nani anasema kweli kwa namna anavyokaa kwenye benchi la nje, na kila siku ya kazi alikwenda na shati jeupe lililonyooka. Nilipojiunga na chuo kusoma sheria, aliniahidi kwamba siku nitakayoapishwa atakuja na shati hilo, na mama atakaa pembeni yake. Mama hakuifikia siku hiyo. Alifariki nikiwa bado nasoma, na tangu hapo baba aliendelea kuitaja ahadi yake, ila kwa maneno machache zaidi: "Nitakuja na shati la mama yako." Sikuhitaji kufafanuliwa. Kulivaa shati lile ukumbini ndiyo njia iliyombakia ya kwenda na mkewe.

Sasa, watu wakisikia kwamba shati hilo linakaribiana na mimi kwa umri, hudhani natia chumvi. Mji wetu hauzionei huruma nguo. Kuta za chokaa zinanyonya unyevu mwaka mzima, upepo wa pwani unaleta chumvi mpaka chumbani, na ukiweka shati kabatini ukalisahau, ukija kulitoa lina madoadoa ya kijivu. Baba hakuwahi kulisahau. Kila baada ya muda alilitoa, akalifua hata kama hakulivaa, akalianika, akalirudisha. Mimi nilikuwa nikimcheka. Nilimwambia kwamba wapo wazee wanaofuga njiwa na yeye anafuga shati. Alinijibu kwamba njiwa hula na wakachafua, shati halimsumbui mtu.

Safari hii sikucheka, nilikuwa na haraka ya kushiriki. Siku moja kabla ya kuapishwa tulipanda wote juu ya paa na ndoo zetu. Nami nilikuwa na shati langu jeupe la kuvaa chini ya joho, nimelinunua jipya Darajani, la kiume, kwa sababu mashati ya kiume yana kola inayosimama. Baba alilichukua, akalipapasa, akashika kifungo cha juu na kukizungusha kidogo kwa vidole.

"Hiki kimetundikwa, hakikushonwa," akasema. "Shati jipya likitoka dukani, kwanza unashona vifungo upya, ndipo unavaa."

"Ntakishona, baba."

"Lini?"

"Leo leo."

"Ulisema hivyo tangu juzi."

Alikuwa anasema kweli, lakini nani ana akili ya kushona kifungo wakati kesho yake anaapa? Nilikuwa nimeshaikariri ile ahadi ya kiapo mpaka nikawa naisema nikipiga mswaki. Nilikuwa nimeshajaribu joho mbele ya kioo, nikalivua, nikalivaa tena, nikapiga picha, nikazifuta kwa aibu. Kifungo kilikuwa mbali sana na mawazo yangu.

Baba alifua kama alivyofua siku zote. Alifungua vifungo vyote, hata vya ncha za mikono, akaligeuza shati ndani nje. Maji ya kisima cha nyumba yetu yana chumvi, kwa hiyo yeye hufulia maji ya mvua aliyoyakinga kwenye pipa. Aliiloweka kola kwanza, akaipaka sabuni ya mche, akaisugua kwa ncha za vidole tu. Brashi haigusi shati mbele yake. Mtu akilikamua shati kwa kulipota, baba hugeuza uso pembeni, hawezi kuangalia. Yeye hulikunja ndani ya taulo akalibonyeza. Maji ya mwisho aliyatia buluu, kidogo tu, mpaka yakawa na rangi ya anga ya asubuhi, na baada ya hapo akalichovya kwenye maji ya wanga wa muhogo aliouchuja kwa kitambaa. Wanga aliutia kwa sababu shati litavaliwa kesho. Shati la kuweka kabatini halitiwi wanga, anasema, ukilitia umewaalika mende karamuni.

Akalianika kichwa chini, vibanio kwenye pindo, kivulini. Ukilianika kwa mabega linaota masikio, na jua la mchana linalifanya jeupe kuwa la manjano. Halafu tukakaa kulisubiri, yeye kwenye kigoda na mimi kwenye ngazi, na tukaanza kuzungumza habari za ukumbi, nani atakuwepo, wapi atakaa, kama mawakili wale wazee aliowatolea majalada bado wako hai. Alikuwa na furaha ya kitoto. Alikuwa akiinuka kila mara kuligusa shati, maana linatakiwa kupigwa pasi likiwa na unyevu kidogo, na akichelewa litakuwa kavu kama ukindu.

Alipokuwa anapiga pasi, kola kwanza, kutoka kwenye ncha kwenda katikati, niliona tena ile mishono ya mama.

Kola ya shati huanza kufa pale inapokunjika, shingoni. Jasho na ndevu huila taratibu mpaka kitambaa kinatoa nyuzi. Watu wengi hapo hulitupa shati, au hulifanya tambara la kufutia vumbi. Mama alikuwa wa watu wa zamani. Nilikuwa bado mwanafunzi wa shule ya msingi, nakumbuka nimekaa chini ya meza ya cherehani na daftari la hesabu, mama akaifumua kola ya baba, akaigeuza, upande wa chini ukaja juu, upande uliolika ukaenda kujificha chini, kisha akaishona upya. Uzi mweupe ulikuwa umemwishia. Akachukua uzi wa rangi ya maziwa uliobaki kwenye nguo nyingine, akashonea huo. Baba alilalamika kidogo kwamba utaonekana. Mama hakuinua hata kichwa. "Hautaonekana," akasema, na cherehani ikaendelea kulia juu ya kichwa changu.

Kweli haukuonekana. Baba alilivaa shati hilo mahakamani mpaka akastaafu, na mtu pekee aliyejua kwamba kola imegeuzwa alikuwa ni yule atakayeinua na kuchungulia.

Asubuhi ya siku yenyewe niliamka na furaha ya kunitoa machozi. Alfajiri nilimsikia baba akisalimiana na muuza mkate dirishani na kumwambia, "Leo mwanangu anaapishwa," na muuza mkate akamwambia hongera, na baba akamrudishia hongera kana kwamba ni mtoto wa muuza mkate. Shati lilikuwa limetundikwa kwenye mlango wa chumba cha baba, jeupe, limenyooka, kola imesimama. Kila aliyepita hapo alilikwepa. Tulikuwa wawili tu, lakini tulilikwepa sana.

Shangazi yangu alikuja mapema kutoka Kiembe Samaki. Ni dada mkubwa wa baba, mwanamke wa furaha na haraka, akiingia nyumbani hata paka hujua. Alikuja na kikapu: visheti, marashi, chetezo, udi, na kichupa cha mafuta ya udi ambayo mwanawe alimletea kutoka Maskati. Baba, pamoja na mvi zake zote, alimwinamia.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, ndugu yangu. Mwanasheria wangu yuko wapi?"

Nikakimbia kumsalimia, akanishika uso kwa mikono miwili, akaniombea dua ndefu, halafu akaanza kazi. Kwetu sisi mtu haendi kwenye shughuli ya furaha nguo zake hazinukii. Shangazi aliwasha mkaa, akatia udi, akaweka juu ya chetezo lile tenga la miti la kufukizia nguo, na akaanza: baibui langu, mtandio wangu, joho. Nyumba nzima ikajaa moshi mtamu. Mimi nilikuwa jikoni natengeneza chai na naimba. Baba alikuwa anaoga.

Baba ana sheria moja ambayo hakuna aliyewahi kuivunja nyumbani kwetu: manukato hupakwa mwilini, nyuma ya masikio na kwenye vifundo vya mikono, kabla ya kuvaa. Hayagusi shati. Moshi wa udi sawa, mafuta hapana. Lakini shangazi hakai kwetu. Mumewe, Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa kanzu, na kanzu hupakwa mafuta kwenye ule uzi unaoning'inia kifuani, mtu akikusalimia akasikia harufu. Shati halina uzi wa kifuani. Shangazi, kwa mapenzi yake, alitafuta mahali panapofanana na hapo. Akaona kola.

Nilisikia anasema "Ewe Mola," kwa sauti ndogo ambayo si yake.

Nilipofika, alikuwa ameshika shati kwa mkono mmoja na tambara lililolowa kwa mkono mwingine. Mafuta yale ni mazito na ni meusi kama kahawa. Kwenye kola, upande wa kulia wa shingo, palikuwa na doa la hudhurungi, na kwa kuwa alikwishalipangusa kwa maji, lilikuwa limetanuka likatoa mkia.

"Shangazi," nikasema. Nilitaka kusema mengine mengi. Nilihisi hasira inanipanda kutoka magotini, nikamwona analificha tambara nyuma yake kama mtoto, hasira ikakosa pa kukaa.

Baba akatoka bafuni na taulo mabegani. Aliona shati. Aliniona mimi. Akamwona dada yake, na mdogo hamfokei mkubwa, sisi hatukulelewa hivyo, kwa hiyo alimeza alichokuwa nacho mdomoni.

"Usitie maji tena, dada," akasema. "Mafuta hayataki maji."

Tulimwaga unga wa ngano juu ya doa ili unyonye, tukasubiri, tukaukung'uta, tukamwaga mwingine. Unga ulitoka na rangi, nikapata matumaini mpaka nikapiga makofi. Baba akapaka sabuni kavu, akakamulia ndimu, akasugua kwa kidole. Doa lilipauka. Halikutoka. Lilibaki la manjano, kubwa kama jani la mkunazi, mahali ambapo mtu yeyote akisalimiana na baba lazima alione.

"Unayo mengine mazuri, baba," nilimwambia. "Lile la mistari. Au vaa kanzu, nani atakusema?"

Baba alikaa kitandani, shati magotini. Furaha yote ya tangu jana ilikuwa imemtoka usoni, na nilijua anachokifikiria kana kwamba anakisema: kwamba atakwenda peke yake. Shangazi alikuwa mlangoni, hajui aingie au atoke. Nje muadhini wa msikiti wa karibu alikuwa anajaribu kipaza sauti. Mimi nilikuwa nataka kulia, na nilikuwa nimekasirika kwamba nataka kulia siku ya furaha yangu.

Ndipo baba alipoinua kola na kuchungulia chini yake. Alipapasa. Kati ya kitambaa cha juu na cha chini mna kitambaa kigumu, kile kinachoisimamisha kola, na kilikuwa kimeyazuia mafuta.

"Haikupenya," akasema.

Shangazi alisogea. "Basi tuigeuze. Mimi najua kugeuza kola, ndugu yangu. Nipe tu cherehani."

"Imeshageuzwa, dada. Huku chini ndiko kulikoliwa."

Akatuonyesha. Kando ya mkunjo nyuzi zilikuwa zimetoka zimesimama, mstari mzima, kutoka upande mmoja wa shingo mpaka mwingine, na ncha moja ya kola ilikuwa imechanika kidogo. Ndio upande alioutumia miaka ile ya mwanzo, nilipokuwa mdogo, alipokuwa anatoka kazini anakwenda kuwafundisha wateja wa jioni kuandika barua za maombi ili mimi nilipiwe masomo ya ziada. Na ili kuugeuza urudi juu, ilibidi mishono ya mama ifumuliwe. Sisi wote watatu tuliliona hilo kwa pamoja.

Baba aliipitishia mishono ile kidole. Halafu akanitazama, mimi na mtandio wangu uliofukizwa nusu, na nikaona uso wake unarudi.

"Huu upande ndio uliokusomesha," akasema. "Acha uje ukuone. Nipeni wembe."

Nilipiga kelele moja ambayo nadhani walinisikia Darajani, na huko ndiko nilikokwenda, maana uzi mweupe haukuwepo ndani. Nilikwenda mbio, baibui linapepea, nikawapita wageni wanaopiga picha milango, nikampita muuza madafu aliyeniuliza kama kuna moto. Nilimwambia kuna harusi ya kola. Nilirudi na uzi, na jasho, na nikamkuta baba dirishani anafumua.

Sikuwahi kuona mtu anafumua kitu kwa adabu ile. Alikata mshono mmoja, akaruka kadhaa, akakata mwingine, upande mmoja tu, hata mwisho wa kola. Kisha akageuza, akashika uzi wa upande wa pili, akauvuta polepole, na ukatoka wote mzima bila ya kukatika, mrefu, wa rangi ya maziwa. Akauzungusha kidoleni. Sikuona alikouweka, kwa sababu shangazi alikuwa ananiita nimtungie sindano, macho yake hayaoni tundu.

Cherehani ya mama ilikuwa haijalia nyumbani kwetu tangu alipoondoka. Shangazi alikaa, akazungusha mkono ule wa chuma, na sauti yake ikatoka ileile. Baba alikwenda chumbani kwangu, akasema anatafuta pasi. Sikujali, nilikuwa nimeinama pembeni ya shangazi nimeshika taa ya simu, nalinda mstari usipinde. Shangazi alishona kwa utulivu ambao sijawahi kumwona nao. Alipomaliza alikata uzi kwa meno, akampa baba shati kwa mikono miwili.

"Nisamehe, ndugu yangu."

"Umenishonea, dada," akasema baba. "Sasa hili shati lina wanawake wawili."

Akapiga pasi kola, kutoka kwenye ncha kwenda katikati. Alinyoa zile nyuzi zilizosimama kwa wembe, lakini mstari uliolika ulibaki pale juu, unaonekana, kijivu kidogo. Alilivaa, akafunga tai yake nyeusi, akasimama mbele ya kioo. Shingo yake imepungua, kola ina nafasi ya kidole. Nilimwona mzuri kuliko wanaume wote wa Unguja, na nikamwambia hivyo, akaniambia niende nikavae, nitachelewa.

Tulikwenda kwa miguu. Baba alitembea upande wa kivuli, akivuka kila kivuli kilipovuka, ili kola isilowe jasho. Shangazi alikuwa nyuma yetu akimwambia kila mtu tunayempita tunakokwenda, na watu wakasimama mabarazani kunipongeza, nami nikashukuru kushoto na kulia mpaka mashavu yakauma.

Ukumbini walituingiza sisi waapishwa kwenye chumba cha pembeni kujiweka sawa. Kulikuwa na kioo kimoja na wasichana wengi. Mtandio wangu ulikuwa umelegea kwa zile mbio za asubuhi, nikaufungua ili niufunge upya, na hapo nikakumbuka kifungo. Nilitia kidole kwenye kola yangu nikitegemea kukikuta kinaning'inia. Kilikuwa kimekaza. Nilisogea karibu na kioo. Kilikuwa kimeshonwa vizuri, uzi umezungushwa chini yake mara kadhaa ili kipate shingo na kisivute kitambaa, kama anavyoshona baba. Vifungo vingine vyote vilikuwa na uzi mweupe wa dukani. Kile cha juu kilikuwa na uzi wa rangi ya maziwa.

Nilisimama pale mkono shingoni. Msichana wa pembeni yangu aliniuliza kama naumwa, nikamwambia hapana, naapishwa. Nikafunga mtandio, ukakifunika kifungo, nikavaa vile vitambaa viwili vyeupe vya kiwakili juu yake. Jina langu lilipoitwa nilisema kiapo chote kwa sauti moja, bila ya kukwama, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu sikupiga kelele. Nilimwona baba kwenye safu ya wageni. Alikuwa ameinua kidevu, kola yake iliyolika iko wazi kwa kila mtu, na wakili mmoja mzee alikuwa amemwinamia anamshika mkono.

Nje, baada ya picha, nilimvuta pembeni kabla watu hawajatufikia. Nilitia mkono chini ya mtandio nikagusa mahali penyewe.

"Baba, uzi huu."

Alinitazama kola, akanirekebishia vile vitambaa vikakaa sawa.

"Mama yako alisema hautaonekana," akasema. "Basi hauonekani."

Nilianza kulia, na safari hii sikukasirika. Shangazi akaja mbio kutoka kwa wageni, kikapu mkononi, akaning'ang'ania kidevu akakiinua juu.

"Usilie, usilie, mwanangu," akasema, "wanja utadondokea shati."

Baba alimtazama dada yake, akaitazama kola yangu, na akaanza kucheka mpaka ikabidi alegeze tai.